Mkia wa Ng'ombe Juu ya Kaburi la Rasim

Nazmiye alikuwa mtu wa kusimama. Hata chai aliinywa wima, istikani mkononi, bega limeegemea mlango wa jikoni, jicho moja limeshatoka nje kuangalia kama kuku wameingia kwenye vitunguu. Kijiji chao kiko chini ya mlima wa Uludag, huko Uturuki, na kijiji kizima kilimwita kiguu na njia. Jina hilo alilijua na halikumkera. Kilichomkera ni kuambiwa akae. Mtu akimwambia kaa kidogo, ndipo anakumbuka kwamba zulia halijakung'utwa.

Na mtu kama huyo alikwenda kuolewa na nani? Na Rasim. Rasim mfuga nyuki, aliyeweza kukaa kwenye kigoda mbele ya mizinga yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na akirudi nyumbani akiulizwa amefanya nini, anajibu, "Nimetazama."

"Umetazama nini, baba? Nyuki ni walewale wa jana."

"Ndicho nilichokuwa natazama. Kama ni walewale."

Nazmiye alikuwa karibu kupasuka. Lakini walipendana, usidanganyike. Kila asubuhi Rasim akitoka kwenda mizingani, mkewe alimfuata mpaka langoni na kopo la maji, akayamwaga barabarani nyuma yake, aende kama maji na arudi kama maji. Wenzake humwagia maji mtoto anayekwenda jeshini au mume anayekwenda Ujerumani. Nazmiye alimmwagia mtu anayevuka kijito tu, na kwa pupa yake aliyamwaga mtu hajafika mbali, yakamfikia visiginoni.

"Mke wangu," Rasim alikuwa akisema, anakung'uta viatu, "kurudi nitarudi. Ila nitarudi na mafua."

Mwaka mmoja, kiangazi kikielekea kwisha, Rasim alishuka kutoka mlimani na mfuko wa koti umejaa mbegu ndogondogo kama ugoro. Akazinyunyiza kwenye pembe ya ua, karibu na ukuta, pale penye mawe ambapo hata upupu ulikataa kuota. Majira ya kuchipua yaliyofuata likatokea jani moja tu, jeupe la fedha, lenye manyoya laini. Kufikia katikati ya kiangazi majani yamekuwa mengi, yamejilaza chini duara, mapana kama sinia la kuokea. Basi. Hakuna shina, hakuna ua.

"Huu si mkia wa ng'ombe huu?" Nazmiye aliuliza. "Barabarani umejaa. Hata punda anaupita."

"Wa barabarani ni ndugu yake. Huu ndio ule mrefu wa mlimani, mweupe. Ukisimama utampita Muammer."

Muammer ndiye mwoka mikate, mtu mrefu kuliko wote kijijini, anayeinama kuingia msikitini.

"Utasimama lini?"

"Mwakani. Mwaka wa kwanza unakaa tu."

"Unakaa tu, unafanya nini?"

"Unakaa, Nazmiye." Kisha akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya nje ya nyumba. "Nikuombe kitu kimoja tu. Usiuguse. Usiumwagilie, maji ndiyo yanayouua. Usiupalilie. Usiuhamishe. Huu niachie."

Alikuwa na sababu ya kuomba. Mikono ya Nazmiye ilikuwa imeshaua mlimau, na waridi la jirani, na kila ua lililowahi kupandwa kwenye debe la zeituni pale dirishani, na vyote aliviua kwa mapenzi. Alimwagilia, akahamishia juani, akarudisha kivulini, akapunguza mizizi, akamwagilia tena. Lakini ule mkia wa ng'ombe aliuheshimu. Kiangazi chote aliuzunguka mikono ikiwa nyuma, na Rasim akimwona hivyo alicheka peke yake kwenye kigoda.

Februari, theluji bado iko juu ya mapaa, moyo wa Rasim ukagoma. Muammer akawabeba kwenye gari lake mpaka hospitali mjini Bursa, Rasim nyuma na mkewe na dada yake Bedriye. Nusu ya njia Nazmiye akakumbuka kwamba hakuna aliyemwaga maji. Akaikunja shali yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Hospitalini waliruhusu wawili tu kando ya kitanda. Bedriye, dada mkubwa aliyemlea Rasim baada ya mama yao kufa, akavuta kiti akakaa kama gogo. Nazmiye naye akakaa. Akainuka. Akakaa. Akaenda kumtafuta daktari, akarudi, akaenda kuomba blanketi, akarudi, kisha akabaki anatembea tu kwenye korido, mwisho mpaka mwisho, maana alihisi akisimama kitu kitamfika. Aliporudi kutoka mzunguko mmoja, nesi alikuwa mlangoni na Bedriye amejifunika uso kwa mtandio.

Ndivyo ilivyokuwa. Mumewe alikata roho yeye yuko koridoni.

Hakumuuliza Bedriye kitu. Alitaka kujua jambo moja tu, kama Rasim alimwita, na hilo ndilo aliloliogopa kuliko kaburi lenyewe. Wanawake walipokuja kuhani waliuliza, "Ulikuwa naye?" Naye akajibu, "Tulikuwa naye," akakimbilia jikoni kuchemsha chai nyingine. Binti yake alipiga simu kila siku kutoka Izmir, akisema, "Mama, kaa chini angalau upumzike." Alimkatia simu mara kadhaa, akisingizia mtandao.

Arobaini ikapita, Kurani ikasomwa, halua ikagawiwa nyumba kwa nyumba. Theluji ilipoyeyuka, Nazmiye akatoka na istikani yake mlangoni, akaona kule pembeni mkia wa ng'ombe uko vilevile, mweupe, mzima, umelala majira yote ya baridi chini ya theluji bila kujali nani amekufa.

Ulimkaa rohoni. Mwaka huu ndio mwaka wa ua, na mwenyewe hayupo. Utasimama pale utampita Muammer, na nani atautazama? Asubuhi moja akachukua sepetu.

Alichimba kama anayepigana na mtu. Ule mmea haukuwa na mizizi ya kuchezea. Ulikuwa na mzizi mmoja mnene ulioshuka kati ya mawe, na kuufuata ilibidi aibomoe nusu ya pembe ile, udongo ukageuzwa juu chini kana kwamba nguruwe mwitu wamepita. Jirani yake Saadet akachungulia juu ya ukuta.

"Unatafuta hazina, mwenzangu?"

"Natafuta kazi."

"Kama ni kazi, njoo na kwangu. Nina viazi."

Kisha mzizi ukakatika. Nazmiye aliusikia. Akafuta jasho lililomtoka na ubaridi ule, halafu akaupakia mmea kwenye toroli na kuusukuma mpaka makaburini, akaupanda upande wa kichwa cha mumewe. Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu. Marumaru husubiri mwaka mzima, mpaka udongo utulie.

Alipomaliza, akiwa anapangusa mikono kwenye suruali yake pana ya maua, ndipo lilipomshukia. Mtu aliniomba kitu kimoja. Nimeuhamisha. Sikuwa naye alipokufa, na hata hili dogo nimeshindwa kumtunzia. Hapo hapo akajiwekea nadhiri bila kumwambia mtu: ukitoa ua hapa, Rasim amenisamehe. Usipotoa, basi.

Mwanzo ulinyauka. Nazmiye alikwenda kila siku kuutazama, akila mkate njiani. Aprili ukajikaza. Mei ukatoa shina katikati, nene, lenye manyoya, nalo likaanza kupanda. Alirudi nyumbani siku ile akapika supu ya tarhana, ile ya unga na mtindi uliokaushwa, akaimaliza yote, akiwa amesimama.

Halafu majani ya chini yakaanza kuteleza. Yalikuwa ya fedha, yakawa ya kijivu, kisha yakawa kama kitu kilichosahauliwa ndani ya sufuria. Akatia kidole kwenye udongo. Maji. Na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi ule uanze.

Ijumaa akamkuta mhalifu. Bedriye, na kidumu chake cha plastiki, anamimina polepole palepale kichwani huku midomo inasoma Yasini.

"Wifi, tafadhali usiumwagie."

Bedriye alimaliza aya yake kwanza. "Siumwagii mmea wako. Namwagia ndugu yangu."

"Ndugu yako yuko chini ya mmea."

"Na nani aliyeuweka hapo? Wenzako wanapanda waridi, wanapanda mayungiyungi. Wewe umempandia chakula cha punda."

"Alikuwa anaupenda."

"Alipenda mengi. Hata wewe alikupenda." Akajaza kidumu tena bombani, akarudi, akamimina. "Mpaka lini sijui, ila kaburi la ndugu yangu halitakauka mimi nikiwa hai."

Nazmiye alihisi mkono wake unataka kupiga. Aliuweka mfukoni.

Shida ni kwamba Bedriye alikuwa na haki, na Nazmiye alilijua hilo. Kwa watu wa huko huwezi kumtembelea maiti mikono mitupu. Unasoma Fatiha, unamimina maji, unamburudisha aliyelala. Mtoto mdogo anajua. Sasa mjane anasimama makaburini kuwazuia watu kummiminia maji mumewe, utasikia nini kijijini? Kwa mwoka mikate walikuwa hawana habari nyingine. Wengine walisema ni uchungu. Wengine walisema hata alipokuwa hai hakupewa maji ila ya visiginoni.

"Dada Nazmiye," Muammer alimwambia akimpa mkate, "nasikia siku hizi umekuwa bwana maji."

"Na wewe utakuja?"

"Mimi? Naogopa. Nimesikia unafukuza watu."

"Sifukuzi. Naelekeza."

Na kweli alielekeza. Kwa kuwa kukaa alinde hawezi, alizunguka makaburi tangu asubuhi, akawapokea watu getini. "Karibu, Mungu akuridhie. Rasim ameshamiminiwa leo. Mmiminie mzee Tahsin hapo jirani yake, maskini hana mtu." Watu wakamimina kwa mzee Tahsin. Kaburi la mzee Tahsin, lililosahauliwa na ukoo wake wote, likaota majani mpaka kiunoni. Kwa Rasim, Nazmiye akajaza kokoto kuzunguka shina, akatoa majani yaliyooza, akainama kunusa mzizi, akainuka. Usiuguse, usiuguse, na yeye hana siku asiyougusa.

Ila Bedriye hakuelekezeka. Alikuja wakati Nazmiye amekwenda kumalizia kazi za nyumba, akamimina, akaondoka. Nazmiye aliporudi alikuta kokoto zinang'aa kwa maji. Pamoja na hayo shina lilipanda. Lilimfika kifuani, kisha kidevuni, na juu yake vikatokea vifundo vya maua, vimejifunga ndani ya sufu nyeupe. Siku chache tu, alijiambia. Siku chache tu na jua kali.

Mbele ya siku hizo chache kulikuwa na Idi ya kuchinja.

Alasiri ya siku inayotangulia Idi hakuna anayebaki nyumbani. Kijiji kizima kilipanda makaburini, wanaume na kofia zao safi, wanawake na vidumu, na wale wanaoishi mijini nao wamekuja na magari yao. Nazmiye alikuwa amefika kabla ya wote. Amevaa viatu vyake vizuri vya kisigino kigumu, na amesimama mbele ya kaburi la mumewe, miguu imejikita. Watu walimwona, wakasalimia, wakasoma Fatiha kwa mbali, wakamimina kwa mzee Tahsin.

Bedriye alikuja mwishoni. Alikuwa amekibeba kidumu kwa mikono miwili, kimejaa mpaka mdomoni.

"Sogea, wifi."

"Sisogei. Ngoja utoe ua tu. Ukishatoa ua, lete mto mzima."

"Wewe unangoja ua. Mimi nangoja nini?"

"Sijui. Wewe ndiye usiyejua kungoja."

Hapo Bedriye alicheka, kicheko kibaya, na kidumu kikamwendea upande, maji yakamwagikia viatu vyake. Watu wa makaburi ya jirani waliacha kusoma.

"Mimi sijui kungoja," alisema. "Aliniomba maji, Nazmiye. Pale kitandani. Nesi alikuwa ameshasema asipewe hata tone, wanakwenda kumpasua. Nikalowesha pamba, nikampaka midomo. Akaniambia, dada, nina kiu. Yule nilimnywesha mimi kwa kijiko, mama alipokufa, hana hata meno. Nikamwambia ngoja kidogo. Akangoja." Akavuta pumzi. "Akanisikiliza, akangoja, akafa na kiu yake. Sasa wewe unaniambia habari ya ua."

Nazmiye alimtazama. Miezi yote ile alidhani Bedriye anammwagia maji yeye Nazmiye, kumkomoa. Akafungua mdomo amwombe msamaha, na badala ya msamaha likatoka lile swali lililokuwa limemkaa tangu Februari, mbele ya watu wote.

"Aliniita?"

"Nilimuuliza kama nikuite. Akasema hapana."

"Alisema hapana?"

"Alisema, mwache, nasikia viatu vyake." Bedriye aliinamisha macho kutazama viatu vya Nazmiye. "Hivi hivi. Ulikuwa ukifika mwisho wa korido unageuka, ko, ko, ko, na yeye anageuza macho yake, kwenda na kurudi, nawe. Akasema, akikaa huyu nitajua mambo yameharibika. Akacheka kidogo. Akafumba macho akisikiliza, na hakufumbua tena."

Nazmiye alishika mdomo wake kwa mkono.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje habari ya viatu, nisikuambie habari ya maji?"

Nazmiye akasogea. Akaona Bedriye hawezi tena kukiinua kidumu, kimemlemea, basi akakishika chini kwa mikono yake, wakakiinamisha pamoja palepale kichwani, kwenye mzizi, mpaka kikaisha. Kisha akaenda bombani akakijaza tena. Muammer, aliyekuwa karibu, alivua kofia akaishika kifuani na hakuwa na mzaha wowote.

Mmea ulikufa. Usitarajie vingine. Idi haikuwa imekwisha, shina likainama upande, na Nazmiye alipolishika kwa vidole viwili likang'oka lenyewe, chini kumeoza, juu vifundo bado vimefungwa. Haukutoa hata ua moja. Alilia pale, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe, na alilia akiwa amesimama. Nadhiri yake hakuikumbuka mpaka alipofika nyumbani, na alipoikumbuka aliiona ya kipuuzi.

Kiangazi kikiwa kimekolea, Bedriye akaja kunywa chai. Tangu matanga hakuwa amekanyaga ua ule. Alikaa kwenye kigoda cha Rasim, Nazmiye akamletea zeituni na jibini na mkate, akabaki wima na istikani yake.

"Kule pembeni umefuga nini?" Bedriye aliuliza.

"Wapi?"

"Kule ulikobomoa."

Nazmiye hakuwa amekwenda kule tangu siku ya sepetu. Aliona haya hata kupatazama. Akaenda. Katika udongo ule alioupindua juu chini, kati ya mawe, kila mahali sepetu lilipopita, kulikuwa na majani madogo ya fedha yenye manyoya, mengine kama kucha, mengine kama sarafu, hayahesabiki. Rasim alinyunyiza mfuko mzima mwaka ule na ukaota mmoja. Mbegu nyingine zote zilikuwa zimelala chini ya mawe gizani, na hazikupata jua mpaka Nazmiye alipokuja kuzifukua kwa wazimu wake.

Alirudi taratibu, na mikono ameiweka nyuma.

"Ni wenyewe," alisema.

"Yote hayo?"

"Yote."

Bedriye alitafuna zeituni, akatema kokwa mkononi. "Utatoa ua lini?"

"Mwakani. Mwaka wa kwanza unakaa tu."

"Na wewe utaweza kukaa usiuguse mwaka mzima?"

"Mimi?" Nazmiye alikunywa chai yote iliyobaki, akaweka istikani chini, akaingiza miguu kwenye viatu vyake vya kisigino kigumu. "Siwezi hata kidogo. Nikibaki hapa mpaka jioni nitakuwa nimeshauhamisha. Acha nitoke."

"Unakwenda wapi jua lote hili?"

"Sijui. Kwa Muammer. Mkate umekwisha."

Mkate ulikuwapo mezani, mzima, haujaguswa hata upande mmoja. Bedriye aliuona. Aliinuka kwa shida, magoti yake si ya jana, akatungua lile kopo kwenye msumari wake, akalijaza, akamfuata wifi yake mpaka langoni. Huko, barabarani, mbali na ile pembe ya ukuta, akamwaga maji nyuma yake. Yalimfikia visiginoni.

"Wifi, umenilowesha."

"Nenda urudi," Bedriye alisema.

Akarudi kwenye kigoda cha ndugu yake, akakaa, akafumba macho. Viatu vilisikika vikiteremka, ko, ko, ko, vikipita kwa Saadet, vikipita msikitini. Vilipofika kwa mwoka mikate havikusimama. Vikageuka, vikaanza kupanda kurudi.